Narada Mwenye Elimu na Huzuni
(Hotuba iliyotolewa hekaluni siku ya maadhimisho)



Kila matokeo ya mitihani yanapotangazwa, wazazi huwaleta watoto wao hapa kushukuru. Ni jambo jema. Lakini ndani ya shukrani ile hujificha imani moja ambayo leo naomba tuipime: kwamba mtoto mwenye akili amekwisha kuipata furaha.

Katika sura ya saba ya Chandogya Upanishad, Narada alikwenda kwa Sanatkumara kuomba afundishwe. Alipoulizwa anajua nini, alitaja Veda zote nne, sarufi, hesabu, elimu ya nyota na nyinginezo nyingi. Kisha akakiri kwamba ameyajua maneno tu, hajaijua nafsi, naye yumo huzunini. Sanatkumara hakuidharau elimu ile. Alianzia hapo hapo, akampandisha daraja kwa daraja, hata akamwonyesha kwamba furaha haikai katika kilicho kidogo, bali katika ukamilifu usio na mpaka.

Kilicho kidogo mimi nakijua. Kwa miaka mingi niliandika hesabu za duka la familia, nikasifiwa kwa wepesi wa akili. Tulipokosana na ndugu yangu juu ya mgawanyo wa mali, akili ile ile ilinipatia hoja mpya kila siku. Niliweza kutaja kila shilingi aliyonipunja, pamoja na tarehe yake. Hesabu zangu zilikuwa sahihi. Ndugu yangu akafariki hatujasemezana, na usahihi ule haukunifariji hata siku moja.

Katha Upanishad inaufananisha mwili na gari la farasi. Hisi ndizo farasi, nia ndiyo hatamu, akili ndiyo mwendeshaji, na nafsi ndiye mwenye gari. Mwendeshaji wangu alikuwa hodari sana, lakini alikwenda walikotaka farasi. Wahenga wa Kiswahili walikwisha kutuonya kwamba akili nyingi huondoa maarifa.

Vijana wangu, msinielewe vibaya. Someni kwa bidii, kwani gari lisilo na mwendeshaji huanguka korongoni. Ila jioni, taa ya arati inapozungushwa, kila mmoja ajiulize: leo akili yangu imemtumikia nani? Imeipanua nafsi yangu, au imenijengea ukuta?

Na ninyi wenzangu wa makamo, kama yuko ndugu au jirani ambaye hamsemezani naye, mpelekeeni prasada ya leo kwa mikono yenu wenyewe. Msingoje hesabu zilingane. Mimi nilingoja.

Om shanti, shanti, shanti.