Chuo Kijibu Kabla ya Askari

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Mchikichini, Dar es Salaam)



Tumeombwa tuseme neno juu ya jambo linalozungumzwa sana vibarazani: wanafunzi wa chuo kikuu wakiandamana, chuo chao kifanye nini? Wako watakaouliza, jambo hili latuhusu nini sisi watu wa Mchikichini, wauza mitumba wa soko la Karume na mama lishe?

Latuhusu sana. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilizaliwa hapa jirani. Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, kilifunguliwa na wanafunzi wachache wa sheria tu, ndani ya jengo la TANU, katika mtaa ambao leo waitwa Lumumba. Mwaka 1964 ndipo kilipohamia Mlimani. Basi mtoto huyu ni wetu, na masomo yake yalipiwa kwa jasho la watu kama sisi: huyu kwa kodi, yule kwa kuuza sahani ya wali.

Kwanza twakiri kosa letu. Sisi watu wa chama tukisikia wanafunzi wameandamana, neno letu la kwanza huwa, "Wafukuzwe! Wanakula fedha za wananchi, na bado wanapiga kelele!" Twalisema kabla hatujauliza wanadai nini. Hebu tutazame yaliyopita, tuone neno hilo limetufikisha wapi.

Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana mpaka Ikulu wakiwa wamevaa majoho yao. Walipinga sharti la kutumikia Jeshi la Kujenga Taifa kwa miaka miwili, na kwa sehemu kubwa ya muda huo kulipwa asilimia 40 tu ya mshahara. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, akakasirika, akawarudisha makwao karibu wanafunzi 400. Lakini angalieni jambo moja. Mwalimu hakuishia hapo: alipunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Maana yake nini? Maana yake ni kwamba ndani ya manung'uniko yale mlikuwa na neno la kweli: mishahara ya wakubwa ilikuwa mikubwa mno kwa nchi maskini. Mwaka 1967 wengi wa vijana wale wakaruhusiwa kurudi masomoni.

Sasa njooni Machi 1978. Wanafunzi waliandamana tena, safari hii wakipinga nyongeza za mishahara na marupurupu ya mawaziri na wabunge. Walikuwa wakisema yale yale waliyofundishwa na Azimio la Arusha. Polisi wakawazuia kwa nguvu, na mamia wakafukuzwa. Wengi wao nao wakarudishwa baadaye.

Ndugu zetu, pimeni wenyewe. Wale wa 1966 walilaumiwa kwa kupenda makuu. Hawa wa 1978 walipinga makuu. Wote wakapewa jibu moja: nendeni nyumbani! Mganga anayetoa dawa moja kwa mwenye homa na kwa aliyevunjika mguu, huyo hajamtazama mgonjwa.

Tena Julai 1971, kiongozi wa wanafunzi, Symonds Akivaga, kijana wa Kenya, alichukuliwa chuoni na askari wenye silaha, akarudishwa kwao. Je, utulivu ulikuja? Haukuja. Wenzake waligoma, na uchungu ukazidi. Baadaye aliruhusiwa kurudi. Ikiwa alistahili kurudi, kwa nini hakusikilizwa kabla ya kuondoshwa?

Kwa majirani zetu pia, baada ya jaribio la kuipindua serikali Agosti 1982, Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungwa zaidi ya mwaka mzima. Mwenye kosa na asiye na kosa walikaa nyumbani pamoja, na taifa likawangojea madaktari na walimu wake.

Sisi tuliosomea ualimu tulifundishwa kwamba mwalimu akishindwa kujibu swali, fimbo haitamjibia. Kwa hiyo twasema hivi.

Kwanza, chuo kijibu. Fedha za kujikimu, zile wanazoziita bumu, zikichelewa, mkuu wa chuo asimame mbele ya wanafunzi siku hiyo hiyo, aseme zimekwama wapi na lini zitafika. Kama kosa ni la Bodi ya Mikopo, aseme. Kama ni lake, akiri.

Pili, askari wasiitwe ila maisha ya watu yakiwa hatarini. Bango si panga, na wimbo si jiwe.

Tatu, adhabu imfuate mkosaji. Aliyevunja kioo ajibu kwa kioo, mbele ya baraza, naye apewe nafasi ya kujitetea. Kufunga chuo kizima ni kumwadhibu mama wa Mchikichini, ambaye hakurusha jiwe, lakini ndiye atakayetafuta tena nauli ya kumrudisha mwanawe.

Nne, wanafunzi wachague viongozi wao bila kuingiliwa, hata na sisi watu wa chama. Kiongozi wa kupandikizwa hawezi kuwatuliza wenzake siku ya hasira, kwa kuwa hawamwamini.

Na nyinyi vijana wa vyuo mlio hapa leo, msicheke peke yenu. Mkimlazimisha mwenzenu kuandamana, mmekuwa madikteta wadogo. Mkichoma mali ya chuo, mmechoma kodi ya mchukuzi wa Kariakoo. Na kila mnapodai, jiulizeni: tunadai haki, au tunadai kuwa mabwana wakubwa? Swali hilo la 1966 bado liko mlangoni kwenu.

Wazee wetu husema, mtoto akililia wembe, mpe. Sisi hatusemi apewe wembe. Twasema aulizwe kwanza analilia nini, kwa maana huenda analilia chakula. Chuo kisichoweza kuwasikiliza watoto wake kitatufundishia viongozi gani wa kutusikiliza sisi?