Breki za Gari Kuukuu: Kinachofanana Sicho Kinachofaa

(Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Kongwa)



Kongwa ni mahali panapofahamu vizuri maana ya mashine isiyokuwa na vipuri. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha hapa mpango mkubwa wa kulima karanga. Matrekta mapya yalikuwa adimu baada ya vita, kwa hiyo yakanunuliwa yale yaliyokwisha kutumiwa na majeshi, mengine yakitoka Ufilipino. Hata vifaru vya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta na kampuni ya Vickers. Mashine zilikuwa za aina nyingi, na vipuri vyake havikupatikana kwa urahisi. Kabla mwaka haujakwisha, sehemu kubwa ya matrekta hayo ilikuwa imelala. Mpango wenyewe ulifutwa mwaka 1951, baada ya kula pauni zipatazo milioni 36. Sababu zilikuwa nyingi, udongo mgumu na mvua haba zikiwamo. Hata hivyo somo moja linabaki: anayepokea mashine kuukuu hupokea pia kazi ya kuitafutia vipuri.

Sasa chukulia chama kimoja cha msingi chenye Land Rover ya miaka ya 1960, ambayo hupeleka mahindi na alizeti za wanachama katika soko la Kibaigwa. Siku moja pedali ya breki inazama hadi chini. Ni msimu wa mavuno. Magunia yamejaa ghalani na wanachama wanangoja fedha zao. Fundi analeta kipuri kutoka dukani na kusema, "Hiki kinafanana." Katibu anatakiwa kutia sahihi hati ya malipo. Hapo ndipo hatari inapoanzia.

Dereva anapokanyaga pedali, silinda kuu husukuma mafuta ya breki katika mabomba hadi kwenye silinda ndogo za magurudumu. Hizo nazo husukuma viatu vya breki vibane ngoma inayozunguka pamoja na gurudumu. Nguvu ya kila gurudumu hutegemea upana wa silinda yake. Silinda ya inchi 1 na ile ya inchi 1 na moja ya nane hutofautiana kwa milimita 3 tu, tofauti ambayo jicho hupita bila kuiona. Lakini ile kubwa husukuma kwa nguvu inayozidi ya ndogo kwa zaidi ya robo. Mojawapo ikifungwa gurudumu la kushoto na nyingine la kulia, gari litavutwa upande mmoja kila breki inaposhika. Katika barabara kuu ya Dodoma na Morogoro, penye mabasi na malori, kuvutwa huko kwaweza kuua.

Hatari ya pili iko katika hesi, yaani meno ya nati. Magari ya Uingereza ya zamani yalitengenezwa kwa vipimo vya inchi, na vipuri vingi vya leo hupimwa kwa milimita. Nati ya inchi tatu ya nane ina upana wa milimita 9.5, huingia katika tundu la milimita 10, hushika kidogo na kuonekana imekaza. Siku dereva anapokanyaga kwa nguvu zake zote, hung'oka na mafuta yote humwagika.

Basi kipuri sahihi hutafutwaje? Kwanza, katibu aandike namba ya chasisi, mwaka wa gari na urefu wake. Kwa kawaida Land Rover fupi za miaka hiyo, za inchi 88, zilikuwa na ngoma za inchi 10, na zile ndefu za inchi 109 zilikuwa na ngoma za inchi 11. Pili, karatasi pekee haitoshi. Gari la umri huo limepita katika mikono mingi, na huenda ekseli yake ilitolewa katika gari jingine. Gurudumu lifunguliwe, ngoma na silinda zipimwe, na namba iliyochorwa au kusubiwa katika mwili wa silinda inakiliwe. Tatu, kipuri cha zamani kipelekwe dukani, na kisitupwe mpaka kipya kimejaribiwa. Nne, vipuri vya ekseli moja vinunuliwe pande zote mbili kwa pamoja.

Mafuta nayo yaangaliwe. Mafuta ya injini au dizeli yakitiwa mahali pa mafuta ya breki, vipira vya ndani huvimba na breki hugoma. Tena vumbi la viatu vya breki vya zamani lisipulizwe kwa mdomo, maana mara nyingi lina asbesto, nayo hudhuru mapafu. Lifutwe kwa kitambaa chenye maji.

Kipuri kikikosekana kabisa, njia bado ipo. Fundi wa mashine ya kukereza aweza kutia mwanzi mpya wa chuma ndani ya silinda iliyolika, na kiatu cha zamani chaweza kupigiwa ukanda mpya kwa ribiti. Kazi hiyo ifanywe na fundi anayeijua, kisha gari lijaribiwe tupu, polepole, mahali tambarare, kabla ya kupakiwa gunia hata moja.

Wapo watakaosema kwamba kulilaza gari wiki mbili wakati wa mavuno ni hasara. Ni kweli, na hasara hiyo iandikwe. Kamati yaweza kukodi lori, gharama ikaonekana katika hesabu na wanachama wakaijadili mkutanoni. Lakini roho ya dereva, na ya wanachama wanaoketi juu ya magunia ingawa hawapaswi kuketi huko, haina safu katika daftari la hesabu.

Kwa hiyo katibu anapoletewa hati ya kipuri cha breki, aulize maswali matatu kabla ya kutia sahihi: Namba yake ni ipi? Kipimo chake ni kipi? Cha zamani kiko wapi? Jibu likiwa ni "kinafanana" tu, kalamu na iwekwe chini.