Mamlaka ya Kikundi, Dhamana ya Mtu: Haki za Usimamizi katika Seva za Linux



Kila seva ya Linux ina akaunti moja isiyoulizwa kitu. Jina lake ni root na namba yake ni 0. Mwenye namba hiyo husoma faili lolote, hufuta atakacho na kuzima huduma yoyote. Huo ni urithi wa Unix, mfumo ulioanzia Bell Labs mwaka 1969. Hoja yangu leo ni moja: uwezo huo ukabidhiwe kikundi, lakini kila unapotumika ijulikane ni nani aliyeutumia.

Ofisi nyingi hufanya kinyume. Watu watano wanajua nenosiri moja la root. Hifadhidata ikifutwa saa nane usiku, kumbukumbu za mfumo zinasema root aliingia, basi. Mkosaji hajulikani, na asiye na kosa hana cha kujitetea nacho.

Dawa ilipatikana zamani. Mnamo 1980 hivi, katika Chuo Kikuu cha Jimbo la New York kule Buffalo, Bob Coggeshall na Cliff Spencer waliandika programu ya sudo. Kwa kawaida, mtumiaji huingia kwa jina lake, huthibitisha kwa nenosiri lake mwenyewe, kisha amri aliyoiandika hutekelezwa kwa uwezo wa root. Programu hurekodi nani, saa ngapi na amri gani.

Hapo ndipo kikundi kinapofanya kazi. Katika faili la /etc/sudoers, mstari mmoja unatosha:

%wheel ALL=(ALL) ALL

Alama ya asilimia inaonyesha kwamba wheel ni kikundi. Hilo ndilo jina linalotumika katika familia ya Red Hat; Debian na Ubuntu hutumia kikundi kiitwacho sudo. Faili hili lihaririwe kwa visudo, ambayo hukagua makosa kabla ya kuhifadhi. Baada ya hapo sera inatulia. Kinachobadilika ni orodha ya watu. Akija mfanyakazi mpya, andika usermod -aG wheel na jina lake. Usiisahau herufi a, maana bila hiyo mtu huyo huondolewa katika vikundi vyake vingine vya ziada. Akihama, mwondoe kwa gpasswd -d, kisha ufunge vikao vyake vilivyo wazi, kwa kuwa kikao cha zamani hubaki na haki za zamani.

Hata hivyo, kikundi kimoja chenye kila kitu hakitoshi. Mwaka 1975 wanasayansi wa kompyuta Saltzer na Schroeder waliweka kanuni kwamba kila mtumiaji apewe haki zile tu ambazo kazi yake inazihitaji. Anayehudumia tovuti apewe ruhusa ya kuwasha upya nginx, asipewe seva nzima. Na tuchunge milango ya pembeni: mwanachama wa kikundi cha docker anaweza kufikia faili zote za seva kupitia kontena, kwa hiyo ni root kwa jina lingine.

Richard Stallman, mwanzilishi wa mradi wa GNU, aliwahi kupinga kikundi cha wheel, akihofia wachache kuwatawala wengine. Hofu yake ni ya haki. Lakini nenosiri linalozagaa halimkomboi mtumiaji. Linamficha tu anayemwonea. Kinachomlinda mnyonge ni kanuni zilizoandikwa, orodha inayokaguliwa na kumbukumbu ambazo hata msimamizi mwenyewe hawezi kuzifuta, kwa sababu hutumwa papo hapo kwenye seva nyingine.

Nawaomba wakuu wa idara mwamuru orodha ya wenye haki za root isomwe jina kwa jina, na kila asiye na kazi inayodai haki hizo aondolewe.