Bumu Limeingia, Kengele Haipo

Kila ifikapo mwishoni mwa Oktoba na mwanzoni mwa Novemba, mabasi ya mikoani hushusha pale stendi ya Magufuli, Mbezi, vijana wenye mabegi makubwa na bahasha za vyeti. Wanakwenda Mlimani, Muhimbili, Ardhi na vyuo vinginevyo vya jiji. Wengi ndiyo mara yao ya kwanza kukanyaga Dar es Salaam, na nyumbani wameshaanza kuitwa wasomi.

Kijana huyu shuleni alipigiwa kengele ya kuamka, ya uji, ya kuingia darasani na ya kulala. Alikuwa na mwalimu wa zamu, alikuwa na kiranja. Kama alipitia Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), aliongezewa filimbi ya alfajiri. Anafika chuoni, vyote hivyo havipo. Asipotokea kwenye kipindi cha saa moja asubuhi, mhadhiri anaendelea na mamia waliofika, na huenda asijue kabisa kwamba kuna aliyebaki kitandani.

Husemwa kwamba mwaka wa kwanza unawashinda vijana kwa sababu masomo ni magumu. Masomo ni magumu kweli, lakini aliyevuka kidato cha sita kwa alama nzuri akili anayo. Mimi naona wengi huponzwa na hesabu mbili ambazo hakuna aliyekaa nao chini akawafundisha.

Ya kwanza ni hesabu ya fedha. Mwaka 2022 fedha ya chakula na malazi kwa wanufaika wa Bodi ya Mikopo ilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Bumu, kama wanafunzi wanavyoiita fedha hiyo, la siku 60 ni shilingi 600,000, na kwa kijana ambaye hajawahi kushika laki moja yake mwenyewe, hizo ni nyingi. Sasa tumchukue aliyekosa kitanda hosteli. Anakwenda mtaani kutafuta chumba. Tufanye ni cha shilingi 60,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, hiyo ni 360,000. Dalali naye anataka kodi yake ya mwezi mmoja, 60,000. Zimebaki 180,000 za kula, nauli na kutoa kopi kwa siku 60, yaani shilingi 3,000 kwa siku. Hapo bado godoro, bado ndoo, na bado simu mpya aliyoiona kwa mwenzake.

Tena fedha hiyo ni deni. Siku akiajiriwa, sheria inamtaka mwajiri akate asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi hadi mkopo uishe. Anayenunua viatu vya bumu wiki ya pili amevikopa, na atavilipia vikiwa vimeshatupwa jalalani.

Hesabu ya pili ni ya alama. Shuleni alizoea kwamba uzito mkubwa uko kwenye mtihani wa Baraza la Mitihani, mwishoni kabisa, kwa hiyo mwaka wa kwanza wa A-Level ungeweza kulegea kisha ukakaza baadaye. Chuoni, kwa masomo mengi, alama 40 kati ya 100 hukusanywa njiani: majaribio, kazi za nyumbani, mawasilisho ya kikundi. Mtihani wa mwisho wa muhula, ambao wanafunzi wanauita UE, unabeba 60. Anayetumia Novemba nzima kuzoea mazingira hufika UE akiwa na alama 15 za njiani, halafu anashangaa sapu, yaani mitihani ya marudio, zimetoka wapi. Na kwa digrii nyingi GPA hujumlisha miaka yote. Anayelitaka daraja la kwanza, yaani kuanzia 4.4 kwa kipimo cha 5, anaanza kulitafuta wiki hizi ambazo wenzake wanadhani ni za matembezi.

Nanyi wakuu wa vyuo, wiki ya utambulisho isiishie kwenye hotuba na foleni za fomu. Mleteni mwanafunzi wa mwaka wa tatu aliyepangisha chumba mtaani awaeleze wadogo zake alivyolipa, alivyokula na alivyopona. Saa moja ya maelezo hayo itawafaa muhula mzima.

Wazazi, mkipiga simu msiulize tu kama bumu limeingia. Ulizeni limepangwaje, na jaribio la kwanza ni lini.

Na wewe kijana unayenisikiliza kitandani wakati wenzako wako kwenye kipindi, fanya mambo matatu wiki hii. Gawanya fedha yako kwa siku zilizobaki, uiandike hesabu hiyo mahali utakapoiona. Tafuta wenzako watatu au wanne wa kozi yako muanze diskasheni sasa, msisubiri UE ibishe hodi. Na kama Kiingereza cha mhadhara kinakupita, au upweke umekuzidi, nenda kwa mhadhiri wako au ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi. Huko kuna watu walioajiriwa kwa ajili yako. Kengele haitapigwa tena, amka.