Madai ya Ujira Yana Siku Zake

Hotuba kwa viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo



Papa Leo XIII, katika waraka wake Rerum Novarum wa mwaka 1891, alikumbusha kwamba kumdhulumu mfanyakazi ujira wake ni kosa kubwa mbele ya Mungu. Deni hilo mbinguni halizeeki; mbele ya sheria, lina siku zake.

Hapa Tanzania Bara, mgogoro wa kazi hupelekwa kwanza katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Kanuni za mwaka 2007 zimeweka mipaka miwili. Anayepinga kuachishwa kazi ana siku 30 tangu alipoachishwa. Migogoro mingine, ukiwemo wa kutolipwa ujira, ina siku 60 tangu ulipozuka. Aliyechelewa huomba kibali, naye sharti aonyeshe sababu ya msingi.

Siku hizo huliwa na ahadi. Kibarua wa ujenzi huambiwa aje Ijumaa. Ijumaa ikifika, mwenye nyumba amesafiri. Naye husubiri kwa adabu, na subira yake ndiyo inayomfungia mlango.

Fundi aliyejipatania kazi, asiye mwajiriwa, njia yake ni mahakama, na madai ya mkataba yana miaka 6. Hata hivyo, bila maandishi miaka hiyo haimfai kitu, kwani mashahidi huhama na kusahau. Kule California, Marekani, fundi asiyelipwa huweza kuandikisha dai juu ya nyumba yenyewe, lakini kwa kawaida asipite siku 90 baada ya ujenzi kukamilika. Akichelewa, haki hiyo humponyoka.

Tufanye nini basi?

Kwanza, mapatano yaandikwe: kazi, malipo na tarehe, pande zote zitie sahihi.

Pili, siku zihesabiwe tangu malipo ya kwanza yalipokosekana. Upatanisho katika jumuiya ni mwema, lakini hausimamishi hesabu hiyo.

Tatu, asiyejua kusoma asindikizwe hadi ofisi ya Tume, asaidiwe kujaza fomu.

Mwisho, tuanzie nyumbani. Parokia inayojenga kanisa na kuwachelewesha vibarua wake haitakuwa na kinywa cha kuwahimiza wengine. Tuwalipe kwanza, ndipo tuhubiri.