Tunda la Kiazi: Mhadhara wa Umma kuhusu Kuotesha Viazi Mviringo kwa Mbegu za Tunda



Kila mkulima wa viazi aliyemo ukumbini humu amewahi kuliona tunda la kiazi. Maua yakishapukutika, kwenye vikonyo hubaki vitufe vya kijani vinavyoning'inia vichala vichala. Watoto huvirushiana, na watu wazima huvikanyaga wakati wa palizi. Jioni hii nimekuja kuvitetea vitufe hivyo. Ninachodai ni kwamba kazi ya kutafuta aina mpya za viazi tumeiachia mno vituo vya utafiti, na sehemu kubwa ya kazi hiyo inawezekana kufanyika kwenye bustani nyuma ya jiko. Ikifanyika huko, tutapata viazi ambavyo kituo peke yake hakitavipata kamwe.

Kabla sijaendelea, naomba kila mzazi anisikie. Tunda la kiazi haliliwi. Lina solanini na sumu nyingine za jamii hiyo, na mtoto akilila atatapika na kuumwa tumbo, pengine vibaya. Anayeamua kuyavuna ayahifadhi pale anapohifadhi dawa za shamba.

Tunapopanda viazi kwa desturi yetu, tunapanda vipande vya mmea uleule. Aina ya Arka iliyoko shambani kwako leo ni mmea huohuo wa msimu uliopita, umeendelezwa kutoka tuta hadi tuta. Faida yake mkulima anaijua: alichokipenda mwaka jana atakivuna tena mwaka huu, rangi ileile, ladha ileile, muda uleule wa kukomaa. Hasara yake pia anaijua. Vidukari wakiingiza virusi, virusi vinabaki ndani ya kiazi na kuhamia msimu unaofuata. Bakteria wa mnyauko hujificha katika kiazi kinachoonekana kizima kabisa, kikapandwa, kikaambukiza na udongo. Baada ya misimu kadhaa mavuno yanapungua na watu wanasema mbegu imechoka. Kisha kuna uzito. Hekta moja inadai takriban tani 2 za viazi vya kupanda, vitu vyenye maji ndani, vinavyooza njiani na kuchipua ghalani. Mbegu za tunda za kuoteshea miche ya hekta hiyohiyo zinafika gramu 100 hivi, na gramu moja ina mbegu zipatazo 1,500. Mtu anaweza kuzitia mfukoni mwa shati akapanda basi. Na virusi vingi vinavyosumbua viazi havipiti katika mbegu hizo. Nasema vingi, si vyote: kuna kiini cha ugonjwa kinachofanya viazi viwe virefu vyembamba, kidogo kuliko kirusi chochote, ambacho hupita. Kwa hiyo tunda lichumwe kwenye mmea wenye afya.

Yaliyotokea Ireland kuanzia mwaka 1845 yameelezwa mara nyingi, nami nitayapitia haraka. Maskini wa nchi ile waliishi kwa aina moja ya kiazi, Lumper, na ugonjwa wa bakajani chelewa ulipoingia haukukuta shina hata moja lenye uwezo wa kuuzuia. Watu wapatao milioni moja walikufa, na wengine wengi kama hao wakahama nchi. Mimi napenda zaidi kuzungumzia kilichofuata ng'ambo ya bahari, kwa sababu hakisimuliwi sana na kinatuhusu moja kwa moja.

Mwaka 1851 mchungaji mmoja wa Utica, katika jimbo la New York, aitwaye Chauncey Goodrich, alipata viazi vichache kutoka Amerika ya Kusini kwa msaada wa konseli wa Marekani aliyekuwa Panama. Goodrich aliamini kwamba viazi vya kwao vimedhoofika kwa kupandwa vipande vizazi na vizazi, na kwamba dawa yake ni kurudi kwenye tunda. Sababu aliyoitoa haikuwa sahihi yote, lakini njia aliyoishika ilikuwa sahihi. Aliotesha miche kwa maelfu, akatupa karibu yote, akabaki na michache. Mmoja aliuita Garnet Chili. Mkulima wa Vermont, Albert Bresee, akachukua mbegu za tunda la Garnet Chili, na mwaka 1861 akapata Early Rose, kiazi kilichowahi kukomaa na kupendwa sana.

Early Rose haikuwa na kawaida ya kuzaa matunda. Mwanzoni mwa miaka ya 1870, huko Lunenburg, Massachusetts, kijana wa miaka ishirini na kitu, Luther Burbank, aliona tunda moja kwenye mimea hiyo bustanini. Akalingoja likomae. Aliporudi kulichuma hakulikuta. Lilikuwa limeshadondoka, akalitafuta chini mpaka akalipata. Ndani mlikuwa na mbegu 23. Aliziotesha zote, akachimba kila shina kivyake, akalinganisha, akachagua. Mwaka 1875 alimuuzia mfanyabiashara wa mbegu, James Gregory, kiazi kimoja kati ya hivyo kwa dola 150, akaenda California na viazi kumi alivyoruhusiwa kubaki navyo. Baadaye likatokea badiliko la kiazi hicho lenye ganda la kahawia linalokwaruza, Russet Burbank, ambalo hadi leo ni miongoni mwa viazi vikuu vya chipsi nchini Marekani.

Mchungaji, mkulima na kijana wa shambani: hakuna kati yao aliyekuwa na maabara, na kila mmoja alianzia pale mwenzake alipoishia. Naomba hata hivyo wanafunzi wangu wasiichukue habari ya Burbank kama ahadi. Mbegu 23 ni chache mno, na alichokipata ni bahati kubwa. Wazalishaji wa aina mpya huanza na makumi ya maelfu ya miche ili wabaki na aina moja. Bado, kwetu huku, Shangi ya Kenya ilienea mikononi mwa wakulima, ikajaa masokoni, kabla ya kuandikishwa rasmi. Jicho la mkulima lilitangulia.

Kwa nini miche ya tunda moja haifanani? Kiazi chetu cha kawaida kina kromosomu 48, yaani seti nne za kumi na mbili, na kwa hiyo kila sifa ina nakala nne zinazoweza kutofautiana. Ua linapochavushwa, nakala hizo huchanganywa upya kama karata, na sifa zilizofichika hujitokeza. Ng'oa mstari mmoja wa miche ya tunda moja utajionea. Shina la kwanza lina viazi saba vya duara vyenye ngozi ya zambarau, vidogo, vimejikusanya karibu na mzizi. La pili lina viwili virefu, vyeupe, kimoja kimepasuka. La tatu limetoa kamba ndefu zilizokimbilia kwenye tuta la jirani bila kubeba kitu. La nne lina viazi vyenye macho yaliyozama kiasi kwamba kuvimenya ni kupoteza nusu. La tano linakufanya uchuchumae ulitazame vizuri.

Sasa kazi yenyewe. Ua la kiazi halina nekta ya kumvuta nyuki, na chavua yake hutoka kwenye kitundu kidogo kwenye ncha ya kila chavulio. Mara nyingi hujichavusha lenyewe. Mbegu za namna hiyo huota, lakini miche yake huwa dhaifu kuliko ya wazazi wawili tofauti, kwa hiyo nashauri mtu afanye uchavushaji kwa mkono. Chagua mmea mama unaostahimili bakajani kwenye shamba lako. Asubuhi tafuta ua ambalo bado halijafunguka lakini limeshavimba, lifungue taratibu kwa ncha ya sindano, uondoe machavulio yake matano ya njano bila kugusa kijiti cha katikati. Kesho yake chukua ua la baba lililofunguka, ligongegonge juu ya ukucha wa kidole gumba hadi uone unga mweupe, kisha gusisha ukucha huo kwenye ncha ya kile kijiti. Funga uzi wa rangi. Usikate tamaa ua likidondoka. Mengi hudondoka, na aina nyingine hazina chavua hai kabisa. Mchana wetu wa saa kumi na mbili nao hauzisaidii aina zote kutoa maua, ingawa kwenye baridi ya nyanda za juu hali ni nzuri zaidi.

Tunda likishashika, livalishe kifuko cha kitambaa cha wavu, kwa maana likikomaa litadondoka kama lilivyomdondokea Burbank. Wiki sita hadi nane litakuwa laini. Likate: nyama yake ni ya kijani iliyopauka, yenye utelezi, na mbegu zimo ndani bapa, ndogo kuliko za nyanya. Ufanano huo una asili. Mwaka 2025 watafiti walichapisha ushahidi kwamba ukoo wa kiazi ulizaliwa miaka takriban milioni 9 iliyopita, pale wazee wa nyanya walipochanganyika na mimea mingine ya Amerika ya Kusini ambayo yenyewe haizai viazi. Pondaponda tunda kwenye kikombe cha maji, liache siku moja au mbili, suuza kwa chujio la chai ambalo hutalitumia tena jikoni, anika mbegu kivulini juu ya karatasi. Andika mama, baba na tarehe. Usizioteshe mara moja, kwa sababu mbegu mbichi hulala miezi kadhaa. Zikiwa kavu kabisa na kuwekwa penye ubaridi hukaa hata miaka kumi.

Kitalu kinataka udongo laini uliochanganywa na samadi iliyooza sawasawa, kina cha nusu sentimita tu, na kivuli chepesi. Joto likizidi sana nyuzi 25 mbegu hugoma. Wiki mbili zikipita utaona vijani viwili vyembamba mno, na hapo ndipo wengi hupoteza kila kitu kwa kumwagilia kwa ndoo. Tumia chupa iliyotobolewa kifuniko. Kwa wenye vinyungu, yaani bustani za mabondeni, naona heri kusia mwezi wa nane, baridi kali ya Juni na Julai ikishapita, na kuhamishia miche bondeni ikifika sentimita kumi. Ifukie shina hadi karibu na majani ya juu, kisha uipandishie udongo mara mbili, maana miche hii hutoa viazi juu kuliko mtu anavyotarajia, na kiazi kilichopigwa na jua huwa kijani na kichungu. Vidukari wataifuata miche kama wanavyofuata viazi vingine. Usafi wa mbegu haumkingi mtu na jirani.

Wakati wa kuvuna, kila shina liwe na mfuko wake na namba yake. Viazi vya msimu wa kwanza huwa vidogo, na ni kosa kuvihukumu kwa ukubwa. Chemsha kimoja cha kila shina uonje kidogo. Kikiwasha ulimi au kikiwa kichungu, tema, na shina zima litupwe. Vilivyobaki vipandwe wakati wa mvua kubwa, bila dawa ya ukungu, kwenye kona ya bustani mtu anayoweza kuipoteza. Najua ushauri huu unauma. Lakini msimu huo ndio bakajani hufanya kazi ya kuchagua, na haitufanyii upendeleo.

Nimeulizwa mara nyingi kama mbegu za tunda zitaondoa uhaba wa mbegu bora za viazi nchini. Jibu langu ni kwamba si kwa njia hii ya bustani. Mazao ya miche hayafanani, huchelewa, na mnunuzi wa magunia anataka viazi vinavyolingana. Kituo cha Kimataifa cha Viazi, kilichoanzishwa Lima mwaka 1971, kimeifanyia kazi njia hii kwa miongo mingi, na jimbo la Tripura nchini India liliitumia mashambani, lakini penye mbegu nzuri za viazi wakulima wengi walibaki na desturi yao. Siku hizi Uholanzi wanazalisha chotara wa kiazi chenye seti mbili tu za kromosomu, baada ya kupatikana jeni inayouwezesha mmea huo kujichavusha, iliyoelezwa na watafiti mwaka 1998. Miche ya chotara hao hufanana, nami nawatakia heri. Hizo ni mbegu za kununua dukani kila mara. Ninachokiomba mimi ni kitu kingine.

Nyumba moja yenye miche 50 ina nafasi finyu. Nyumba 200, kila moja na miche 50, ni miche 10,000, na kila mmoja umejaribiwa kwenye udongo wake, mvua yake na sufuria ya nyumba yake. Kituo hakina mashamba 200. Kituo pia huchagua kwa ajili ya soko la chipsi na lumbesa, na ni haki yake. Bibi wa Makete anayetaka kiazi kinachokaa ghalani hadi msimu wa njaa ana vigezo ambavyo fomu zetu hazina nafasi ya kuviandika.

Kwa hiyo napendekeza idara yetu itenge sehemu ya mbegu zinazotokana na uchavushaji wa kila mwaka, mbegu ambazo sasa hubaki kwenye majokofu, igawe pakiti za mbegu 60 kwa kaya zitakazojiandikisha kupitia maafisa ugani. Kaya ibaki na kila kiazi itakachokipenda, ikile na kukipanda itakavyo, ila isiuze kama mbegu mpaka taratibu za uthibiti zifuatwe. Shina litakalopita msimu wa mvua bila dawa na majani yake yakabaki, tunaomba viazi vitano, visivyooshwa, katika mfuko wa karatasi wenye namba ya shina, jina la kaya na kijiji. Maabara itavisafisha virusi na kukuza miche yake chupani. Miche safi ya kwanza irudi kwa kaya iliyovileta, na kaya hiyo ndiyo itakayokipa kiazi jina.