Ngombe Afrikander na Machotara Wake

Wafugaji ndugu zangu, leo nataka kuwaeleza habari za ngombe mwekundu aitwaye Afrikander. Wengine wenu mwamjua, maana aliletwa hata Katanga. Mwasema: huyu ni ngombe wa Wazungu. Sivyo, ni ngombe wa Afrika kabisa.

Zamani, kule Afrika ya Kusini, Wakhoikhoi ndio waliochunga ngombe hao. Mwaka 1652 Waholanzi walifika Cape, wakawanunua kwa shaba na tumbako. Makaburu waliwapenda hasa kwa kukokota magari. Kisha sotoka iliingia mwaka 1896, ikaua wengi mno, na vita vya Waingereza na Makaburu (1899–1902) vikamaliza wengine. Wachache waliosalia wakakusanywa, na mwaka 1912 wafugaji wakafanya chama cha kuwatunza.

Mtazame sasa. Nundu yake iko shingoni, mbele ya mabega. Pembe ni ndefu, zaenda pembeni, zashuka, kisha ncha zapanda. Ngozi ni nene, imelegea, na manyoya ni mafupi yenye kung’aa. Manyoya hayo myashike akilini, nitayarudia. Ndama huzaliwa mdogo, kwa hiyo mama hateseki. Lakini ana ubaya wake: hukawia kukomaa, na majike wengine hukawia kushika mimba tena.

Kwa sababu hiyo watu walimchanganya na madume wa Uingereza, Hereford au Shorthorn, wanaonenepa upesi. Chotara wa kwanza, nusu kwa nusu, ni mzuri sana. Na hapo ndipo mtu hupotea! Husema: kama nusu ya damu ya Bulaya ni nzuri, robo tatu itapita. Baba yangu mdogo alifikiri vile. Aliwapa mitamba wake chotara dume wa Bulaya mara ya pili. Ndama walizaliwa na manyoya kama blanketi. Mchana walisimama kivulini, midomo wazi, wenzao wakila majani. Kupe wakawajaa masikioni; mimi nilikuwa mtoto, nikawatoa kwa vidole kila jioni. Ndama walikuwa saba, wakabaki wawili.

Bwana Jan Bonsma alitafuta sababu ya jambo hilo. Tangu mwaka 1937, katika shamba la serikali la Mara, Transvaal, alipima joto la miili ya ngombe. Akaona kwamba wenye manyoya marefu hupata joto kali kuliko wenye manyoya mafupi, na mnyama mwenye joto vile hali vizuri wala hakui. Akachagua kipimo: sehemu 5 za Afrikander, sehemu 3 za Bulaya. Ngombe hao wakaitwa Bonsmara, yaani Bonsma na Mara.

Hesabu yake si ngumu. Fikiri kwamba damu ya kila mnyama ni vikombe 8, na kila mzazi humpa ndama nusu ya vikombe vyake. Jike Afrikander ana 8, dume Hereford hana hata kimoja: ndama atakuwa na 4 vya Afrikander. Mtamba huyo mpe dume Afrikander: ndama atakuwa na 6. Huyu wa 6 akizaa na chotara wa 4, asiye wa ukoo wake, atapata 3 huku na 2 huku. Ndiyo 5.

Lakini hesabu haitoshi peke yake, kwa maana ndama wa machotara hawafanani. Mmoja atafuata babu wa Bulaya, mwingine bibi wa Afrika. Basi, wakati wa jua kali, pitisha mkono mgongoni mwa kila dume kijana. Akiwa na manyoya marefu, mhasi kabla hajapanda, hata akiwa mnene kuliko wote. Baba mdogo aliwahasi wale wawili, akawafundisha kuvuta jembe asubuhi mapema tu, kabla ya jua kupanda.